Alois Alzheimer

Alois Alzheimer (Marktbreit, Bavaria, 14 Juni 1864 – Breslau, 19 Desemba 1915) alikuwa daktari wa magonjwa ya akili na mtafiti wa ubongo kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kueleza, mwaka 1906, mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke aliyepoteza kumbukumbu akiwa bado na umri wa makamo. Ugonjwa huo leo unaitwa kwa jina lake, nao ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha dimensia, yaani hali ya kupungukiwa kumbukumbu, lugha na uwezo wa kujitegemea, ambayo huwapata zaidi wazee.

Jina lake hutajwa kila siku katika hospitali za dunia nzima. Hata hivyo, wakati wa uhai wake wenzake walimfahamu zaidi kwa utafiti wake kuhusu kaswende ya ubongo, kuziba kwa mishipa ya damu na kifafa. Taarifa iliyomletea umaarufu ilikuwa fupi, na siku alipoisoma hakuna aliyemwuliza swali.

Utoto na masomo

Alzheimer alizaliwa katika mji mdogo wa Marktbreit, kando ya mto Main, katika familia ya Kikatoliki. Baba yake, Eduard, alikuwa mthibitishaji wa hati wa serikali ya kifalme ya Bavaria. Mke wa kwanza wa Eduard alifariki baada ya kujifungua, naye akamwoa mdogo wa marehemu, Theresia, ambaye ndiye mama yake Alois. Watoto walipofikia umri wa shule ya sekondari familia ilihamia Aschaffenburg.

Alisomea udaktari Berlin, Würzburg na Tübingen. Alikuwa kijana mrefu, mnene, mcheshi, na mwanachama wa chama cha wanafunzi waliopigana kwa panga kama desturi ya vyuo vya Ujerumani wakati huo. Pambano moja lilimwachia kovu upande wa kushoto wa uso, na ndiyo sababu katika picha zake nyingi ameonyesha upande wa kulia. Huko Würzburg alifundishwa kutumia hadubini katika maabara ya Albert von Kölliker, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu ya tishu. Tasnifu yake ya mwaka 1887 haikuhusu ubongo hata kidogo: ilihusu tezi zinazotengeneza nta ya masikio.

Frankfurt

Mwezi Desemba 1888 aliajiriwa katika hospitali ya magonjwa ya akili na kifafa ya mji wa Frankfurt. Jengo lake lilikuwa na minara kama ya ngome, na watu wa mji walilipa jina la utani la ngome ya wendawazimu. Mkurugenzi wa zamani aliyelijenga, Heinrich Hoffmann, alikuwa pia mwandishi wa kitabu mashuhuri cha watoto, Struwwelpeter. Alzheimer alipofika, mkurugenzi alikuwa Emil Sioli, ambaye alikuwa na madaktari wachache mno kwa wagonjwa wengi.

Sioli na msaidizi wake mpya walikubaliana kuhusu jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida: kuacha, kadiri ilivyowezekana, kuwafunga wagonjwa kwa kamba na mashati ya kuwazuia. Badala yake waliwalaza katika kumbi kubwa zenye waangalizi, na waliochafuka waliwekwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa nyingi hadi watulie. Tiba hiyo haikuponya ugonjwa, lakini iliwapa wagonjwa heshima ya kutofungwa.

Mwaka 1889 alijiunga nao Franz Nissl, ambaye tayari alikuwa amegundua njia ya kutia rangi vipande vyembamba vya ubongo ili seli za neva zionekane wazi. Mchana wawili hao waliwahudumia wagonjwa, usiku walikaa kwenye hadubini. Tangu wakati huo Alzheimer alishika njia ambayo hakuiacha tena: kumsikiliza mgonjwa kwa makini akiwa hai, kuandika kila kitu, na kuutafuta ugonjwa huohuo ndani ya ubongo baada ya kifo. Madaktari wengi wa akili walifanya mojawapo tu ya hayo.

Katika miaka ya 1890 alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane Myahudi wa mfanyabiashara tajiri. Walipata watoto watatu. Mali ya mke huyo ilimwezesha baadaye kufanya utafiti bila mshahara, na bila hiyo historia ya ugonjwa wa Alzheimer ingeandikwa na mtu mwingine. Cecilie alifariki mwezi Februari 1901. Dada yake Alois aliyeitwa Elisabeth alihamia nyumbani kwake kuwalea watoto, naye Alois akazama katika kazi.

Auguste Deter

Tarehe 25 Novemba 1901, miezi tisa baada ya msiba huo, aliletwa hospitalini mwanamke wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Mumewe, Karl, alikuwa karani wa reli. Alieleza kwamba walikuwa wameishi kwa amani miaka mingi, lakini katika miezi ya karibuni mkewe alianza kumwonea wivu bila sababu, kusahau, kuharibu chakula jikoni, kuficha vitu na kuzunguka nyumbani bila kusudi. Aliamini kwamba watu wanamsema.

Alzheimer alimhoji siku kadhaa mfululizo na kuandika maswali na majibu yote kwa mkono. Alipomwuliza jina la mume, mgonjwa alitaja jina lake mwenyewe. Alionyeshwa kalamu, funguo na sigara akavitambua, lakini baada ya muda mfupi hakukumbuka alionyeshwa nini. Wakati anakula nyama ya nguruwe na koliflawa, aliulizwa anakula nini akajibu kuwa ni spinachi. Alipoambiwa aandike jina lake alianza, akasahau katikati, akaeleza kwa huzuni kwamba amejipoteza mwenyewe.

Si kusahau kwenyewe kulikomshtua daktari. Wazee waliosahau aliwaona kila siku, na elimu ya wakati ule ilidai kwamba ni uzee tu, au mishipa ya damu iliyokakamaa. Huyu hakuwa mzee. Ikiwa mtu wa miaka 51 anaweza kupatwa na hali ileile, basi umri peke yake hauwezi kuwa maelezo.

Mwaka 1902 Alzheimer aliondoka Frankfurt na kwenda Heidelberg kufanya kazi na Emil Kraepelin, daktari wa akili aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote Ujerumani, na mwaka uliofuata akamfuata München. Hakumsahau mgonjwa wake, bali aliendelea kufuatilia habari zake. Auguste Deter aliishi miaka yake ya mwisho kitandani, akiwa amejikunja, bila kusema neno la kueleweka, mpaka alipofariki tarehe 8 Aprili 1906 kwa sumu ya damu iliyotokana na vidonda vya kulalia. Sioli alituma jalada na ubongo wake München.

Kilichoonekana kwenye hadubini

Ubongo ulikuwa umesinyaa. Alzheimer aliukata vipande vyembamba na kutumia njia mpya ya Max Bielschowsky ya kutia rangi kwa chumvi ya fedha, ambayo hufanya nyuzi nyembamba sana ndani ya seli za neva zionekane nyeusi. Aliona mambo mawili.

La kwanza, ndani ya seli nyingi nyuzi zilikuwa zimenenepa na kusokotana kama fundo la uzi. Katika sehemu nyingine seli yenyewe ilikuwa imekwisha kufa, limebaki fundo peke yake mahali ilipokuwa. Kati ya robo na theluthi ya seli za gamba la ubongo zilikuwa zimeharibika hivyo. La pili, kati ya seli na seli kulikuwa na mabaka madogo ya kitu asichokifahamu, yaliyotapakaa gamba zima. Leo tunajua kwamba mafundo yametengenezwa na protini iitwayo tau, na mabaka na protini iitwayo amiloidi beta. Hiyo ya pili ilitambuliwa mwaka 1984 tu.

Tarehe 3 Novemba 1906 alieleza hayo katika mkutano wa madaktari wa akili wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, mjini Tübingen. Mwenyekiti, Alfred Hoche, alikaribisha maswali, lakini ukumbi ulikaa kimya. Mada iliyofuata ilihusu nadharia za Sigmund Freud, na hapo ubishi ulikuwa mkali. Mwaka 1907 Alzheimer alichapisha maelezo ya kurasa chache.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuona mabaka. Paul Blocq na Georges Marinesco waliyaeleza Paris mwaka 1892, na mwaka huohuo wa 1907 Oskar Fischer wa Prague alichapisha uchunguzi wa wazee 12 waliokuwa nayo, kazi kubwa kuliko ya Alzheimer. Fischer, aliyekuwa Myahudi, alikufa mwaka 1942 katika kambi ya Wanazi ya Terezín, na jina lake likasahaulika kwa muda mrefu. Alzheimer alikuwa wa kwanza kueleza mafundo ya nyuzi, na zaidi ya hapo alikuwa na Kraepelin. Mwaka 1910, katika toleo la nane la kitabu chake cha kufundishia, Kraepelin aliutaja ugonjwa huo kuwa ugonjwa wa Alzheimer. Wanahistoria hawakubaliani kwa nini aliharakisha hivyo kwa kutegemea wagonjwa wachache mno. Wengine wanaona ushindani na maabara ya Prague, wengine nia ya kuonyesha, dhidi ya Freud, kwamba magonjwa ya akili yana makao ndani ya ubongo.

Alzheimer mwenyewe alikuwa na mashaka. Mwaka 1911 alichapisha habari za mgonjwa wa pili, mwanamume anayejulikana kama Johann F., ambaye ubongo wake ulikuwa na mabaka mengi lakini hauna mafundo. Alijiuliza kama kweli huu ni ugonjwa wa pekee au ni dimensia ya wazee iliyowahi mapema. Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka sitini. Madaktari waliliita la Alzheimer tatizo la watu wa makamo tu, na wazee wakaendelea kuambiwa kwamba wamezeeka. Ilikuwa mwaka 1976 ambapo Robert Katzman wa Marekani alitoa hoja kwamba hali hizo mbili ni ugonjwa mmoja, na kwamba kwa hesabu hiyo ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watu wengi zaidi.

Maabara ya München na wanafunzi wake

Katika kliniki ya München Alzheimer aliongoza maabara ya uchunguzi wa ubongo, kwa muda mrefu bila malipo. Wanafunzi walikuja kutoka nchi nyingi. Alikuwa na desturi ya kupita mezani kwa kila mmoja, kuinama kwenye hadubini yake na kueleza kwa subira, akiwa na sigara kubwa mkononi ambayo aliiweka pembeni na kuisahau. Inasimuliwa kwamba jioni kila meza ilikuwa na kipande cha sigara yake.

Miongoni mwa waliopita katika mikono yake ni Alfons Jakob na Hans-Gerhard Creutzfeldt, ambao majina yao yameunganishwa katika ugonjwa mwingine wa ubongo, Waitalia Gaetano Perusini na Francesco Bonfiglio, pamoja na Ugo Cerletti, ambaye baadaye alianzisha tiba ya umeme. Wawili wanastahili kuelezwa zaidi.

Solomon Carter Fuller alizaliwa mwaka 1872 mjini Monrovia, Liberia. Babu yake alikuwa mtumwa huko Virginia, Marekani, aliyejinunua uhuru wake na kuhamia Afrika. Fuller alivuka bahari kurudi Marekani kusoma, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897, na mnamo 1904–1905 alikuwa mmoja wa wageni wachache waliofanya kazi katika maabara ya Alzheimer. Kwa hiyo Mwafrika alikuwapo München kabla ya ubongo wa Auguste Deter kufika. Aliporudi katika hospitali ya Westborough, Massachusetts, aliendelea kuchunguza mabaka na nyuzi, na mwaka 1912 alichapisha mapitio ya kwanza kwa Kiingereza ya wagonjwa wote wa Alzheimer waliokuwa wameripotiwa hadi wakati huo. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kutilia shaka dhana kwamba kukakamaa kwa mishipa ndiko chanzo. Chuo chake hakikumpa kamwe uprofesa kamili, na mwaka 1933, baada ya mwenzake mzungu asiye na miaka mingi kama yeye kupandishwa juu yake, aliacha kufundisha. Alifariki mwaka 1953, akiwa amepofuka kwa sababu ya kisukari lakini bado akiwaona wagonjwa.

Mwingine ni Friedrich Heinrich Lewy, Myahudi wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1885. Alifika München mwaka 1910. Hakuchunguza kumbukumbu bali ugonjwa wa Parkinson, ule unaoleta kutetemeka na kukakamaa kwa viungo. Mwaka 1912 alieleza vijidonge vya mviringo alivyovikuta ndani ya seli za neva za wagonjwa hao. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, akifanya kazi Paris, alivipa jina la vijidonge vya Lewy. Mwaka 1933 utawala wa Hitler ulimfukuza Lewy kazini. Alikimbilia Uingereza kisha Marekani, akabadilisha namna ya kuandika jina lake, na alifariki mwaka 1950 bila kujua kwamba vijidonge vyake vina uhusiano na dimensia. Hilo lilikuja kuonyeshwa na Kenji Kosaka wa Japani kuanzia mwaka 1976, alipovikuta vimetapakaa katika gamba la ubongo la watu waliopotewa na akili. Dimensia ya vijidonge vya Lewy sasa inahesabiwa miongoni mwa aina kuu za dimensia. Magonjwa mawili yanayowachanganya madaktari wa leo yalitoka katika maabara ileile.

Breslau na kifo

Mwaka 1912 Alzheimer aliteuliwa kuwa profesa na mkurugenzi wa kliniki katika Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao leo uko Polandi na unaitwa Wrocław. Aliugua njiani, ndani ya treni. Maambukizi yalidhuru moyo na figo zake, wala hakupata tena afya kamili. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza madaktari wengi walichukuliwa jeshini, kazi ikamwelemea. (Mwaka ule wa kifo chake vita hiyohiyo ilipiganwa pia katika mpaka wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na Rhodesia Kaskazini, upande wa Tunduma na Abercorn.) Alifariki tarehe 19 Desemba 1915 akiwa na miaka 51, umri uleule aliokuwa nao Auguste Deter alipolazwa. Alizikwa Frankfurt kando ya Cecilie.

Binti yake Gertrud aliolewa na Georg Stertz, daktari aliyekuwa msaidizi wa baba yake Breslau. Wakati wa Wanazi Stertz aliondolewa katika uprofesa wake huko Kiel kwa sababu mama mzazi wa mke wake alikuwa Myahudi.

Jalada lililopatikana

Kwa miaka mingi baadhi ya wataalamu walishuku kama Alzheimer aliona kweli ugonjwa huu, kwa kuwa jalada la Auguste Deter halikuonekana. Mwezi Desemba 1995 Konrad Maurer na wenzake walilikuta katika hifadhi ya hospitali ya Frankfurt. Lilikuwa la rangi ya buluu, lenye kurasa 32, na ndani yake mlikuwa na maandishi ya Alzheimer, picha za mgonjwa akiwa amekaa kitandani na mikono magotini, na karatasi alizojaribu kuandikia jina lake. Muda si mrefu baadaye vioo vya hadubini vyenye vipande vya ubongo wake vilipatikana München. Vilipotazamwa upya, mabaka na mafundo yalikuwapo kama yalivyoelezwa mwaka 1906.

Nyumba aliyozaliwa huko Marktbreit sasa ni makumbusho.

Kutoka hadubini hadi picha za ubongo

Alzheimer alilazimika kusubiri mgonjwa afe ndipo auone ugonjwa. Hali hiyo ilianza kubadilika mwezi Oktoba 1971, London, kipimo cha CT kilipotumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa, kisha ikaja MRI, ambayo hutumia sumaku na huonyesha ubongo kwa undani zaidi.

Kwa mgonjwa wa Alzheimer picha ya MRI huonyesha kile ambacho Alzheimer alikiona mezani: ubongo uliosinyaa. Kusinyaa huko huanza mapema katika hipokampasi, sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambayo kazi yake ni kuweka kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mgonjwa husimulia harusi yake ya miaka hamsini iliyopita lakini hakumbuki kama amekunywa chai asubuhi. Kwa mwenye dimensia ya vijidonge vya Lewy hipokampasi mara nyingi hubaki na ukubwa wake kwa kiasi kizuri zaidi, na picha inaweza kuonekana karibu ya kawaida ilhali mtu ameharibikiwa sana.

Kipimo cha PET huonyesha kazi badala ya umbo. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mnururisho hafifu, kisha mashine hutazama ni sehemu zipi za ubongo zinaitumia. Katika ugonjwa wa Alzheimer matumizi hupungua pembeni na juu kuelekea nyuma. Katika dimensia ya Lewy hupungua pia kisogoni kabisa, mahali ubongo unapochambua yale ambayo macho yanaona. Jambo hili linaoana na dalili inayojulikana sana ya ugonjwa huo: mgonjwa huona watu, watoto au wanyama wasiokuwapo, na huwaeleza kwa undani.

Tangu miaka ya 2000 kuna dawa za PET zinazojishika kwenye mabaka ya amiloidi, hivyo alama aliyoitafuta Alzheimer kwa chumvi ya fedha inaweza kuonekana kwa mtu aliye hai. Lakini hata kipimo hicho hakitenganishi magonjwa haya mawili vizuri, kwa kuwa wagonjwa wengi wa Lewy wana mabaka pia. Kinachosaidia zaidi ni kipimo kingine kinachotazama mishipa ya fahamu inayopeleka dopamini katikati ya ubongo. Kwa mtu mzima, na kwa kawaida hata kwa mgonjwa wa Alzheimer, huonekana alama mbili zenye umbo la mkato. Kwa mgonjwa wa Lewy mkia wa mkato hufifia, ikabaki nukta. Vijidonge vyenyewe ni vidogo mno kuonekana kwenye picha hizo. Kinachoonekana ni hasara iliyotokea.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Mgonjwa anayeona watu wasiokuwapo anaweza kupewa haloperidol au dawa nyingine za kutuliza za aina hiyo. Kwa mwenye dimensia ya Lewy dawa hizo zinaweza kumkakamaza mwili wote, kumlaza usingizi mzito na hata kumuua.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki mashine za PET ni chache mno, na kwa mtu wa kata kama Mbebe, wilayani Ileje katika Mkoa wa Songwe, hata safari ya kufuata CT ni ya mbali. Utambuzi kwa hiyo hurudi kwenye njia ya Frankfurt ya mwaka 1901: kukaa na mgonjwa, kuuliza, kuandika, na kumsikiliza aliyeishi naye. Mambo kadhaa hutofautisha dimensia ya Lewy bila mashine. Akili ya mgonjwa hubadilika sana, leo ana nuru na kesho amepotea. Usingizini hupiga mateke na kupigana na ndoto. Hutembea kwa hatua fupi akiwa amekakamaa, na maono humjia mapema. Anayejua habari za usiku ni yule anayelala naye chumba kimoja, mara nyingi mke, binti au mjukuu, si daktari.

Utafiti unaojulikana zaidi nchini Tanzania ulifanyika wilayani Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Watafiti walipita vijijini wakapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha dimensia kwa takriban asilimia 6.4 kati yao, kiwango kinachokaribia kile cha nchi tajiri. Dai la zamani kwamba ugonjwa huu haupo Afrika liliporomoka. Katika wilaya hiyohiyo uchunguzi wa awali kuhusu ugonjwa wa Parkinson ulikuta kwamba wagonjwa wengi hawakuwahi kuambiwa na daktari yeyote wana ugonjwa gani.

Kulikuwa na tatizo la vipimo. Maswali yaliyotungwa Ulaya humtaka mzee asome, aandike, achore au ahesabu kurudi nyuma, na mtu ambaye hakwenda shule hushindwa hata kama akili yake ni timamu. Kwa ajili hiyo kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kilichojaribiwa Hai, ambacho hakihitaji kujua kusoma. Mzee huulizwa ataje wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, asikilize maneno kumi na kuyakumbuka baadaye, na badala ya kuchora hupewa njiti nne za kiberiti apange umbo kama alilolionyesha mpimaji.